Mkataba wa Madereva wa Korogwe

Kibwana alikuwa dereva wa basi. Aliishi Manundu, mjini Korogwe, pamoja na mkewe Mwantumu na watoto wao. Kila alfajiri alipasha moto injini, akapakia abiria, akashika njia ya Handeni. Alipita Kwamatuku, akapita Sindeni, na jua lilipopanda alikuwa amefika Chanika, mjini Handeni. Hapo aliteremsha watu na magunia, akapakia wengine, akarudi. Mara nyingi alipofika Korogwe jioni aliambiwa, "Kibwana, kuna abiria wa Segera. Wapeleke kwanza, ndipo uende nyumbani." Naye aliwapeleka.

Barabara ilikuwa ya udongo. Kiangazi ilikuwa vumbi tupu, na masika ilikuwa matope. Hata hivyo Kibwana aliipenda kazi yake. Wazee wa vijijini walimjua kwa jina, na akina mama walimpa mahindi mabichi dirishani.

Mabasi yale yalikuwa mali ya wakulima. Miaka michache baada ya Azimio la Arusha, wakulima wa ushirika walichanga, wakanunua mabasi yao wenyewe, ili wasilanguliwe tena na wenye magari. Walimwajiri Bwana Bernardo awe meneja. Mwaka ule basi jipya liliponunuliwa, Bwana Bernardo alisimama mbele ya watu stendi akasema, "Ndugu wakulima, mwaka huu kampuni yenu imepata faida nono!" Watu wakapiga makofi. Madereva walitazamana. Wao walikuwa hawajaongezewa chochote, wala mapumziko, wala mshahara.

Juma lililofuata, Kibwana alikuwa akirudi kutoka Handeni. Jua lilikuwa kali, na basi lilijaa. Siku nyingi zilikuwa zimepita bila yeye kupumzika hata siku moja. Alikuwa anaiona barabara. Kisha hakuiona tena.

"Kibwana! Usukani!" Mbwana, utingo wake, alipiga kelele.

Kibwana alizinduka. Basi lilikuwa limeshaacha barabara. Alikanyaga breki kwa nguvu zake zote. Basi lilipita kwenye majani marefu, likayumba, likasimama kando ya shamba la pamba. Mbele yake kulikuwa na korongo.

Hakuna aliyeumia. Abiria waliteremka mmoja mmoja. Bibi mmoja alimtazama Kibwana usoni, akasema kwa upole, "Mwanangu, umechoka."

Siku iliyofuata madereva wote walikusanyika gereji. Kila mtu alikuwa na lake la kusema.

"Tugome!" alisema Athuman, dereva kijana. "Kesho gulioni basi lisiende hata moja. Meneja mwenyewe amekiri kuna faida. Vumbi tule sisi, faida wale wengine? Tudai mshahara mara mbili!"

"Na tukifukuzwa?" aliuliza Fransisko, mtu mzima asiyependa maneno mengi. "Watoto wangu watakula mgomo?"

"Wewe siku zote ni mwoga, kaka."

"Na wewe siku zote unaanza na mwisho."

Walibishana mpaka kazi ikawaita. Moyoni Kibwana aliogopa. Alijua meneja angeweza kusema, "Dereva aliyelala afukuzwe."

Jioni alimweleza mkewe. Mwantumu alisikiliza, kisha akasema, "Baba Kudra, twende kwa mama Dorkasi."

Mama Dorkasi alikuwa jirani yao, Msambaa aliyeshuka zamani kutoka Lushoto. Alifanya kazi katika kiwanda cha mkonge, kwenye mashine za kusafisha nyuzi. Wenzake walimchagua kuwa mjumbe wa kamati ya wafanyakazi, naye aliwahi kukaa mezani na mwajiri mara nyingi.

"Shikamoo, mama," alisema Kibwana.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia habari ya basi. Mungu amewanusuru."

Kibwana alimweleza yote: faida, ubishi wa gereji, na hofu yake. Mama Dorkasi alimgeukia Mwantumu. "Mwanangu, wewe unauza vitumbua. Ukirudi nyumbani na kikopo cha fedha, zote ni faida?"

Mwantumu alicheka. "Faida? Kwanza nitoe za unga wa mchele. Nitoe za mafuta, sukari na kuni. Zinazobaki ndizo faida."

"Na chuma cha kukaangia kikitoboka?"

"Nitanunua kingine. Kwa hiyo hata katika zile zilizobaki, kidogo naweka kwa ajili hiyo."

"Sasa umemfundisha mumeo," alisema mama Dorkasi. "Nauli zote ni mapato. Ukitoa dizeli, matairi, vipuri na mishahara, inabaki faida. Na faida nayo ina wenyewe wengi. Wakulima wanataka gawio lao. Kampuni inataka kuweka akiba ya basi lingine. Na ninyi mnaoendesha mna haki ya kuitazama. Lakini huwezi kudai sehemu ya kitu usichokijua. Ombeni kwanza meneja awaonyeshe hesabu za mwaka."

"Atakubali?"

"Mkimwendea na mawe, atafunga mlango. Mkimwendea kwa utaratibu, atafungua. Chagueni wajumbe. Tena si madereva peke yenu. Utingo, je? Mafundi? Wale wanaofagia mabasi? Mkijitenga, mwajiri atawaambia hao wengine kwamba mnawalia chakula chao. Mwambieni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi aje akae nanyi. Halafu pangeni madai yenu. Lipi la kwanza? Lipi linaweza kungoja? Mgomo una taratibu zake, mwanangu. Meza huja kabla yake."

"Mimi siwezi kuwa mjumbe," alisema Kibwana. "Watasema, huyu ndiye aliyelala."

"Ndiyo maana uende wewe. Nani anaujua uchovu kukushinda?"

Kibwana aliyapeleka maneno hayo gereji. Safari hii waliwaita mafundi, mautingo na wafagizi. Walipiga kura kwa mikono. Walichaguliwa Kibwana, Fransisko, na fundi mmoja jina lake Ernesti. Kisha wakaanza kupanga madai, na hapo ubishi ukarudi.

"Mshahara kwanza!" alisema Athuman.

"Madereva wa akiba kwanza, ili watu wapumzike," alisema Mbwana utingo. "Athuman, wewe hukukaa ndani ya basi lile. Mimi nililiona korongo."

Athuman aliinamisha kichwa. "Basi," alisema, "lakini mshahara usisahauliwe."

"Hautasahauliwa," alisema Kibwana. "Utakuwa wa pili."

Siku ya majadiliano walikaa ofisini kwa meneja. Katibu wa tawi alikuwepo. Upande wa wakulima alikuwepo Mzee Mhina wa Kwamatuku, mjumbe wa ushirika. Bwana Bernardo aliposikia ombi la hesabu, alikunja uso, lakini Mzee Mhina akasema, "Wafungulie. Hatuna cha kuficha." Meneja alifungua, akaeleza. Sehemu kubwa ya faida ilikuwa imenunua basi jipya. Sehemu nyingine ilikuwa ya kugawiwa wakulima. Iliyobaki haikuwa nyingi kama Athuman alivyodhani. Lakini ilikuwepo.

"Mnaona wenyewe," alisema Bwana Bernardo. "Faida hii ni ya wakulima. Mimi naichunga tu."

Kibwana alisema polepole, "Ni kweli, ndugu meneja. Ni ya wakulima. Na siku ile waliokuwa ndani ya basi langu ni wakulima. Nililala nikiwa nimewabeba. Sikunywa pombe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimechoka. Basi lile lingeingia korongoni, ni faida ya nani ingebaki?"

Mzee Mhina alivua kofia yake, akaipangusa. "Mke wangu hupanda basi hilo," alisema. "Andikeni madereva wa akiba."

Hawakumaliza siku hiyo. Walikutana tena na tena. Meneja alikubali madereva wa akiba na siku ya mapumziko. Nyongeza ya mshahara alisema haiwezekani. Wajumbe walishusha dai lao, naye akapandisha kidogo, mpaka wakakutana katikati. Hatimaye mkataba ukaandikwa kwa Kiswahili.

"Tieni sahihi," alisema meneja.

"Subiri kidogo," alisema Fransisko. "Tusome kwanza kwa sauti."

Alisoma taratibu, neno kwa neno. Alipofika katikati alisimama. "Hapa pameandikwa, 'Dereva atapumzika siku moja kila juma, isipokuwa kazi ikiwa nyingi.' Ndugu meneja, kazi huwa nyingi daima. Kwa maneno haya hatutapumzika kamwe."

Bwana Bernardo aliyasoma mwenyewe. Alicheka, akaikata sehemu ile kwa kalamu. Mahali pake wakaandika: kazi ikiwa nyingi, dereva wa akiba ataitwa. Ndipo wote wakatia sahihi. Nakala moja ilibaki kwa meneja, nyingine kwa katibu, na nyingine ilibandikwa gereji ili kila mtu aisome.

Si kila mtu alifurahi. Athuman alisema nyongeza ile ni ndogo kama mbegu ya ufuta. Lakini mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Safari za mwaka ule zilikwenda salama. Springi hazikuvunjika ovyo, kwa kuwa madereva waliyaona mashimo mapema. Abiria waliongezeka. Wakati wa majadiliano mapya ulipokaribia, wafanyakazi walimchagua Athuman awe mjumbe, naye alikwenda kwa mama Dorkasi kuuliza jinsi ya kusoma hesabu.

Mapema mwaka ule, katika mojawapo ya siku zake za kwanza za mapumziko, Kibwana alikuwa amekwenda na Mwantumu kuwaona wakwe zake huko Handeni. Walipanda basi lilelile. Athuman ndiye aliyeshika usukani. Kibwana alikaa dirishani. Miaka yote alikuwa ameijua njia ile kwa mashimo yake na kona zake tu. Sasa aliona mizinga ya nyuki juu ya miti, na watoto wakicheza mbele ya shule mpya ya kijiji, na milima ya Usambara nyuma yao, imekaa kimya katika rangi ya bluu.

"Mama Kudra," alisema, "kumbe njia hii ni nzuri."

"Wewe si unaipita kila siku?" aliuliza Mwantumu.

"Naipita," alijibu Kibwana. "Leo ndiyo naiona."