Siri ya Baba Siku ya Umuganda

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mtaa wote wa Kimisagara hutoka na majembe. Ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, na maduka hayafunguliwi mpaka kazi iishe. Asubuhi hiyo Kaze, msichana wa miaka kumi na miwili, alimfuata baba yake, fundi cherehani Nasiri, hadi kwenye mtaro uliozibwa na matope ya mvua. Alibeba chupa ya maji, na roho haikumtulia hata kidogo.

Alikuwa na siri. Juzi baba alisimama katikati ya ngazi za mtaani, anahema, shati limelowa jasho. Kwa kuwa alikuwa na kisukari tangu Kaze hajazaliwa, Kaze alikimbilia kipimo na kumpima sukari. Haikuwa imeshuka.

"Usimwambie mama yako," baba alisema. "Atanizuia kwenda umuganda, halafu mtaa mzima useme Nasiri mvivu."

Kaze akaahidi. Mtoto mwenye adabu hatoi siri ya mzazi, ndivyo alivyolelewa.

Sasa baba aliinua jembe, akalishusha, akaliegemea.

"Wewe Nasiri, leo jembe iko nzito kuliko sindano?" Mutsinzi, kiongozi wa mtaa, akamtania.

Watu wakacheka. Baba naye alicheka, lakini midomo ilikuwa imepauka, na jasho lilimtiririka ingawa kulikuwa na baridi. Mara akakaa chini, pu!

"Sukari imeshuka! Leteni Fanta!" mtu akasema.

"Yego, apumzike kivulini, itapita tu," mwingine akaitikia.

Winifred, jirani yao muuguzi, akapiga magoti kando yake. "Kifua kinakuuma?"

"Hapana. Kifua iko sawa. Nimechoka tu." Baba akamkata Kaze jicho, na Kaze akaelewa kwamba anaambiwa anyamaze.

Soda ilikuwa imeshafunguliwa. Kaze aliogopa kumwaibisha baba mbele ya mtaa mzima, lakini aliogopa zaidi kumzika.

"Si sukari!" alipaza sauti, machozi yakimtoka. "Juzi alikuwa hivihivi. Nilimpima, haikushuka. Alinikataza kusema!"

Winifred akamgeukia Mutsinzi. "Piga simu, gari la wagonjwa lije sasa hivi. Nahofia ni moyo."

"Lakini kifua haiumi," Mutsinzi akabisha, huku tayari anatoa simu.

"Kisukari cha miaka mingi huharibu neva. Moyo unaweza kukosa damu na mwenyewe asisikie maumivu."

Gari lingefika barabarani tu, maana vichochoro vile havipitiki. Baba akajaribu kuinuka. "Nitatembea."

"Hutembei hata hatua moja!" Winifred akafoka.

Wanaume wakatupa majembe, wakamlaza juu ya turubai la kubebea udongo, wakamteremsha kwenye ngazi. Mutsinzi alishika pembe ya mbele, utani umemwisha. Kaze alifuata nyuma akimwomba Mungu, macho yake yote kwenye kifua cha baba, kuona kama bado kinapanda na kushuka.

Alasiri, hospitalini, Daktari Mukabalisa aliwaingiza Kaze na mama yake wodini. "Mshipa mmoja unaopeleka damu kwenye moyo uliziba," alisema. "Tumeuzibua. Damu inapita sasa." Mama akamkumbatia Kaze, akalia kwa sauti.

"Nisamehe, baba," Kaze alinong'ona. "Nilivunja ahadi."

"Aliyekosa ni mimi, niliyekubebesha siri hiyo," baba akajibu kwa shida.

Daktari akamshika Kaze bega. "Mwenye kisukari akihema ovyo, akitoka jasho la baridi au akiishiwa nguvu ghafla, aletwe hospitali hata kama hana maumivu. Na mtu mzima akikuomba ufiche ugonjwa wake, mwambie mtu mzima mwingine upesi. Hapo hujamkosea adabu."

Baba alitafuta mkono wa binti yake juu ya shuka. "Ungenitii leo, mwanangu," alisema, "saa hizi mama yako angekuwa anapokea rambirambi."