Maji ya Hijri

Siku zote Shakha, ngamia wa maziwa, akimwona Mutlak humlalia begani. Alasiri hiyo alirudi nyuma. Wadha aliliona hilo akiwa jikoni. Mutlak, mumewe, alikuwa ametoka Hijri, kwenye magofu ya Thamudi yaliyochongwa milimani, na kiriba chake kimejaa.

"Umeteka wapi, Baba Modhi?"

"Kisima cha Ngamia. Kwani kuna kingine?"

Vilikuwepo vingine, na kila mtoto wa Al-Ula alijua. Hijri watu hupita upesi, huku wakilia, wala hawanywi ila kisima kile alichokunywa ngamia wa Nabii Saleh, kabla Thamudi hawajamuua wakaangamia. Lakini mume akishasema, mke afanyeje? Wadha alikanda unga kwa maji yale.

Mkate ulinuka kaburi bichi. Wadha hakuuonja, na binti yao, Modhi, alimpa tende badala yake. Mutlak aliumaliza, na tangu hapo patasi ikaanza kugonga ndani ya ukuta, ko, ko, ko, mchana kweupe, ikihama chumba hadi chumba, ikimfuata Wadha alikokwenda, na mumewe ameketi akiusikiliza ukuta kama mtu anayesikiliza watu wa kwao.

"Tulichonga vizuri," alisema. "Tulidhani hatutakufa."

"Nyie na nani?" Wadha aliuliza kwa sauti ya chini.

Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye alikuwa akilala nacho. Alimwogopea mwanawe kuliko nafsi yake.

Akamwita Sheikh Dakhil, anayesomea wagonjwa. Sheikh alisoma mpaka Mutlak akatapika maji ya kijivu, akalia, akakiri: kiu ilimzidi, akanywa na kuteka kwenye kisima cha karibu, kisha akaona haya kusema.

"Maji yale yana wenyewe, mwanangu," Sheikh alimwambia, akamwaga yaliyobaki kiribani, akaenda zake.

Patasi ilinyamaza. Shakha alikuja akamlalia Mutlak begani, na Wadha akacheka kwa furaha, akamtania mumewe kwamba uvivu wake ungewazika wote. Akamwita Modhi alete bakuli la maziwa.

Modhi alipokaribia, Shakha alirudi nyuma mpaka kamba ikakazika.

"Mwanangu," Wadha alisema polepole, "siku ile ulikula nini?"

"Tende, mama. Na mkate kidogo. Baba alinimegea ulipotoka."

Mtoto alikuwa akitabasamu. Kucha zake ziligonga bakuli: ko, ko, ko.