Mgonjwa Asiyekabidhiwa

Harufu ilianza Jumatatu, na Domitila ndiye aliyeisikia kwanza. Ubani na spiriti ya kusafishia vidonda, ndani ya masjala ya wizara kule Mtumba, jengo jipya ambalo bado linanuka rangi! Stanley, mwenzake wa meza ya pili, akafungua dirisha. Upepo wa Dodoma ukawaletea vumbi mpaka kwenye chai, lakini harufu haikutoka. Stanley akasema labda wafagizi wamebadilisha dawa. Domitila hakuamini, maana harufu zile mbili kwa pamoja aliwahi kuzisikia mahali pamoja tu.

Jamani, kazi ya wodini msiione hivi hivi. Domitila aliifanya mpaka ikamchosha roho. Wagonjwa wamejaa hadi sakafuni, manesi wawili, miguu imevimba, na mtu akifa ndugu zake wanakutukana wewe kana kwamba ndiwe Izraili. Ilifika mahali mtu anakata roho mbele yake na chozi halimtoki, na hilo lilimtisha kuliko vifo vyenyewe. Akaomba kazi kila ofisi, hata ya kupanga mafaili, mradi asishike tena mkono wa mtu anayekufa. Siku alipopigiwa simu kwamba aripoti Mtumba kesho yake, alikuwa zamu, akacheka peke yake chooni.

Sasa manesi wana desturi yao. Zamu ikiisha hujiondokei tu. Mnapita wawili kitanda kwa kitanda, unamtaja mgonjwa na hali yake, mwenzako anajibu, "Nimempokea," ndipo mzigo unakutoka. Mgonjwa asiyekabidhiwa ni wako, ndivyo wanavyofundishana.

Siku ile ya simu, zamu ilipoisha, Domitila alimkabidhi rafiki yake Gladness wagonjwa wote, isipokuwa mmoja. Kitanda cha mwisho, nyuma ya pazia, alilala Bi Joha, kikongwe wa Chemba mwenye jini la ukoo, aliyefunga ubani kwenye pindo la kanga yake. Domitila alikuwa na haraka ya kwenda kununua viatu vya ofisini. Akasema moyoni, Gladness atamwona mwenyewe. Gladness akadhani kitanda ni kitupu, hakuchungulia. Bi Joha walimkuta baadaye, peke yake, ameshapoa.

Basi pale masjala mambo yakazidi. Sauti ikaanza kuita "Nesi" kutoka nyuma ya makabati, taratibu, na ofisini hakuna aliyejua kwamba Domitila aliwahi kuwa nesi. Kisha mchana mmoja, jua linawaka, Stanley yupo anakula karanga, Domitila aliinua mkono kuchukua faili akahisi vidole vikavu, vya baridi, vikimshika kifundo cha mkono pale pale anaposhika nesi kupima mapigo, vikatulia kana kwamba vinahesabu, na yeye asiweze kupiga kelele wala kuuvuta mkono wake, hadi vilipomwachia vyenyewe. Alilia kwa hofu, na akajua kwamba hali ikiendelea hivi kazi ile ataikimbia, na pa kukimbilia hana isipokuwa wodini.

Akaenda Majengo kwa mganga, Bi Zaituni. Alipofukizwa tu, Domitila akasikia kinywa chake mwenyewe kikisema kwa sauti ya kizee, "Sikumfuata huyu. Kiti changu, Joha niliyempanda, alikufa bado ni mgonjwa wake. Hakumkabidhi kwa mtu."

Bi Zaituni akafunika chetezo. "Jini hili silifukuzi, mwanangu, halijaja kwa ubaya. Mkabidhi nesi mwenzako, apokee kwa kinywa chake. Lakini mwambie anachopokea. Ukimficha, halihami, linaongeza watu."

Domitila akaitikia. Lakini nani angekubali akiambiwa? Akaenda wodini, akamkuta Gladness amechoka, macho mekundu, akimsihi kama kawaida amtafutie na yeye nafasi ofisini. Wakasimama kwenye kitanda cha mwisho. "Bi Joha, wa Chemba," Domitila akasema kwa sauti ya chini. "Nakukabidhi." Gladness akadhani rafiki yake anasutwa na dhamiri, akamkumbatia. "Nimempokea, dada Domi. Nenda kapumzike."

Na kweli alipumzika. Harufu ikakoma, akanenepa, akaanza kucheka na Stanley. Ila kila akiwaza Gladness yuko kule na mzigo asioujua, aliuacha ugali nusu sahani. Akahangaika, akabembeleza wakubwa, hadi akampatia nafasi masjala hiyo hiyo.

Gladness aliingia asubuhi na viatu vipya, anatabasamu. Domitila akainuka kumpokea, na ubani ukampiga puani.

"Gladness," akanong'ona, "uliondoka umemkabidhi nani kitanda cha mwisho?"

"Kilikuwa kitupu, dada. Ningekabidhi mgonjwa gani?"

Nyuma ya makabati sauti ikaita, "Manesi."

Na wote wawili, kwa mazoea ya kazi, wakaitika, "Abee, bibi."