Gauni Kwenye Picha ya Tatu

"Hili gauni umelionea wapi?"

Mchoraji hakuinua kichwa. Alikuwa anasuuza brashi zake kwenye kopo.

"Gauni gani, mpenzi?"

"Picha ya tatu. Lililoning'inia juu ya kabati."

"Ah, hilo! Nimebuni tu."

Mchumba wake aliisogeza karatasi karibu na dirisha. Miaka minne walifanya kazi hivyo: mwanaume anachora katuni, anaacha maputo matupu, yeye anayajaza maneno. Kila wiki wasomaji waliwaandikia, "Huyu ni mimi kabisa!" Naye aliamini kwamba mtu akijiona kwenye katuni, upweke unampungua. Harusi yao ilikuwa Jumamosi.

"Umebuni? Si wewe unayejigamba kwamba huchori usichokiona?"

"Sasa umekuwa polisi?"

"Mkono mmoja una vifungo saba, mwingine haujashonwa. Hilo ni gauni langu. Na fundi aliniapia hajamwonyesha mtu."

Mchoraji akacheka kidogo. "Basi, nilipita kwake kumsalimia, nikaliona. Nisamehe, mama."

"Ulikaa wapi?"

"Sebuleni, wapi tena?"

"Gauni analitundika chumbani. Na hapa chini ya picha, hivi ni nini?"

Mchoraji akairudisha brashi kwenye kopo.

"Ni vidole vya miguu, baba. Vimeelekea juu, shuka imeishia vifundoni. Aliyeichora picha hii alilala chali kitandani kwa rafiki yangu, akilitazama gauni langu la harusi."

Juzi tu fundi huyo, shoga yake tangu shuleni, alimzungushia mikono kumpima, akamtania, "Umepungua, bibi harusi." Akajikuta anajifuta kiuno kwa kiganja, kama aliyepitiwa na konokono.

"Ilikuwa mara moja tu, naapa."

"Mara moja, na vifungo ukavihesabu?"

"Tusiharibu kazi kwa hasira. Wasomaji wanaisubiri saa kumi."

Mchumba wake alimtazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula alichokwisha kumeza.

"Kweli. Wasisubirishwe."

Akachukua kalamu. Puto la mwanaume akalijaza: "Lifunike lile gauni. Linanitazama." La mwanamke: "Lizoee. Jumamosi utasimama nalo."

Akaipiga picha karatasi, akairusha kwenye ukurasa wao. Mchoraji aliruka kumpokonya simu, akachelewa.

Maoni yakamiminika.

"Jamani, huyu ni mimi!"

"Yalinikuta mwaka jana. Nimelia."

Kisha ukaingia ujumbe wa fundi: "Shoga, itoe hiyo katuni. Unanidhalilisha."

Akajibu: "Jina sikutaja, sura haimo. Umejijuaje?"

Akavua pete, akaitumbukiza kwenye kopo la maji meusi ya brashi. Simu ikalia tena: fundi.

"Na gauni je?"

"Bakini nalo," aliandika. "Limeshawaona."