Plagi ya Silinda ya Nne

Ndugu zangu, nawaomba mnisikilize, maana yaliyowapata akina Scopelliti yanaweza kuingia nyumba yoyote, hata isiyo na gari.

Hapa Mildura, Australia, kila mtu aliijua familia hiyo. Carmelo, kaka mkubwa, ndiye mwenye shamba la mizabibu. Nunzio, mdogo wake, fundi wa injini, aliishi chumba cha nyuma tangu mkewe aondoke. Jumamosi ile ya Januari walikuwa uani wakipika sosi ya nyanya ya mwaka mzima. Assunta, mke wa Carmelo, alikuwa akisaga. Binti yao Loredana akijaza chupa. Nunzio akikaza vifuniko.

"Ba'mdogo, nawa mikono," Loredana alisema. "Mwaka jana sosi ilinuka grisi."

"Na nani hakuimaliza?"

Wote wakacheka, hata Assunta, ambaye hakuwa mwepesi wa kucheka.

Carmelo akatoka bandani na funguo mkononi. "Acheni nyanya. Twendeni tukajaribu gari, mashindano ni kesho."

Kicheko kikakatika. Assunta akafuta mikono kwenye aproni.

Gari lilikuwa la mbio za robo maili, zile za kunyooka tu mpaka mwisho. Nunzio alilijenga kwa miaka minne, Carmelo akalitangaza kwa watu, na Loredana, aliyekuwa mwepesi wa mwili na mtulivu, ndiye aliyeliendesha. Hakuyapenda sana mashindano. Aliwahi kumwambia ba'mdogo wake kwamba siku za mbio ndizo siku pekee baba yake humtazama usoni.

Mwezi uliotangulia Nunzio alikuwa amefunga plagi za baridi, yaani zile zinazopoteza joto upesi. Injini yenye tabo, inayosukumiwa hewa kwa nguvu, haitaki nyingine. Lakini plagi hizo zina kasoro yake: gari likinguruma mahali pamoja, hushika masizi. Na kweli, kwenye mstari wa kuanzia, gari lilikohoa mbele za watu, na Carmelo akachekwa. Kesho yake akanunua plagi za moto, zile za magari ya kwenda sokoni, akaamuru zifungwe. Nunzio akazifunga.

Mchana ule wa Jumamosi, Loredana alipokwisha kulikimbiza gari mara mbili, Nunzio alizifungua moja moja na kuzitazama kwa lenzi. Plagi ikiwa na rangi ya kahawia hafifu, injini ina afya. Ikiwa nyeusi kwa masizi, inakula mafuta mengi. Ikiwa nyeupe, inaungua. Tatu za kwanza zilikuwa nyeupe. Ya nne ilikuwa nyeupe kama mfupa, na juu ya kauri yake palikuwa na vitone vidogo vya kung'aa. Nunzio alijua ni nini. Ilikuwa pistoni, imeanza kuyeyuka.

Alimwendea Carmelo, aliyekuwa akila mkate na soseji pamoja na wenzake.

"Kaka, kesho tusikimbie. Silinda ya nne inaungua. Turudishe plagi za baridi, tufungue injini tuone."

"Turudishe zile za kukohoa?"

"Pistoni inayeyuka, Carmelo. Tazama mwenyewe."

Carmelo hakuitazama. Aliwageukia wenzake. "Mnamwona fundi wangu? Mke alimkimbia, sasa anaogopa plagi." Wakacheka. "Leo gari limekwenda kasi kuliko siku zote. Kitu kinachoungua hakikimbii hivyo. Nenda kafunge."

Nunzio alijua kwamba injini huweza kukimbia hivyo hasa inapokaribia kufa. Alisimama pale, masikio yakimwaka moto. Angeweza kusema tena. Angeweza kuitia plagi mfukoni na kwenda zake. Tazameni hapo, ndugu zangu, kwa sababu hapo ndipo msiba ulipoanza, si kesho yake. Alirudi kwenye gari, akachukua brashi, akaisugua plagi ile mpaka vitone vikatoka, akaifunga mahali pake.

Jumapili, Loredana akiwa amekwisha kufungwa mikanda, alimshika Nunzio mkono kupitia dirisha.

"Ba'mdogo, liko sawa?"

Baba yake alikuwa amesimama hatua mbili tu kutoka pale. Nunzio akamtazama kaka yake, kisha akamtazama mtoto aliyemfundisha kuendesha baiskeli.

"Liko sawa, mama."

Gari liliondoka vizuri. Karibu na mwisho wa njia pistoni ya nne ikatoboka, oili ikamwagika chini ya matairi ya nyuma, gari likaenda upande, likaupiga ukuta na kubingirika. Walipomtoa Loredana alikuwa anapumua. Ndege ilimpeleka Adelaide. Miguu haikufanya kazi tena.

Baada ya miezi mitatu Nunzio alipata ujasiri wa kwenda kumwona hospitalini. Wakaguzi wa mbio walikuwa wameifungua injini, na walikuwa wamemweleza Loredana.

"Wanasema ilianza kuungua kabla ya siku ile," alisema. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Na nilikuuliza."

"Uliniuliza."

Loredana akaugeuzia ukuta uso wake mpaka Nunzio alipoondoka, na tangu siku hiyo hajasema naye. Barua za Nunzio hurudi bila kufunguliwa.

Carmelo mpaka leo anawaambia watu kwamba binti alikata usukani mapema. Aliwahi kuyasema hayo mezani, Loredana alipokwisha kurudi nyumbani, akiwa pale pale kwenye kiti chake cha magurudumu. Wiki ile ile Assunta akamchukua mwanawe wakahamia kwa dada yake, Adelaide. Shambani zabibu zilikauka mitini bila kuchumwa. Ndugu wawili wamebaki katika nyumba ile, kila mmoja anajipikia. Watu wakimpelekea Nunzio plagi awasomee, huwaambia yote anayoyaona, hata wakikasirika. Nyumbani kwao hakuna aliyepona kwa hilo.

MAFUNZO

Kiburi cha Carmelo ni ugonjwa, nasi tunapenda kuusema. Lakini kiburi kile kililishwa na wote waliocheka, na zaidi na yule mmoja aliyejua akanyamaza. Ukiiona hatari, iseme, na ukipuuzwa iseme tena, hata mbele ya mkubwa wako. Mtu anayekuamini akikuuliza kama kuna usalama, mwambie kweli. Kuchekwa kungekwisha jioni ile ile. Loredana hatatembea.