Uso Uliobadilika Rangi

Mtaani walimwita Mama Picha. Kazi yake ilikuwa kutengeneza picha kwa kompyuta. Picha iliyochanika aliiunga. Iliyofifia aliirudishia rangi. Waliofiwa walimletea picha ndogo za vitambulisho, naye akazikuza ziwekwe mbele ya jeneza.

Alifanyia kazi chumbani, kwenye meza iliyobanwa kati ya kitanda na dirisha. Mumewe, fundi viatu, alishonea sebuleni. Mmoja aligonga nyundo, mwenzake alibonyeza kipanya, na maneno yao yalipita mlangoni.

"Kichwa bado kinauma?" mume aliuliza.

"Kimetulia," mke alijibu.

Hakikuwa kimetulia. Kilikuwa kikimuuma kwa miezi mitatu.

Skrini yake ilikuwa kuukuu. Mwanga wake ulikuwa umefifia na kuwa wa manjano. Akiinama, picha ilikuwa nyeusi. Akiinuka, ilipauka. Lakini Mama Picha hakuishuku skrini. Alidhani macho yake yanakufa. Mama yake mzazi alipofuka akiwa na umri kama wake. Hofu hiyo hakumwambia mtu.

Siku moja mwalimu wa shule ya jirani alifika. Alikuwa amefiwa na mama yake.

"Picha yenyewe ni hii tu," alisema. "Mama hakupenda kupigwa picha."

Mama Picha aliishughulikia siku mbili. Kwenye skrini, uso wa marehemu ulionekana wa giza na manjano. Akaongeza mwanga. Akatia buluu kidogo. Uso ukapendeza. Akaituma kwenye duka la kuchapa, na duka likaipeleka moja kwa moja msibani.

Siku ya tatu baada ya maziko, mwalimu alirudi. Hakufoka. Aliweka picha mezani, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Dada, mwangalie."

Uso ule ulikuwa na ubuluu, umepauka kama majivu.

"Mama alikuwa mweusi wa kung'aa," mwalimu alisema. "Wajukuu waliuliza huyu bibi ni nani. Mama mdogo alikataa kusimama karibu na picha. Alisema tumewekewa mzimu."

Mama Picha alitazama karatasi, akatazama skrini. Kwenye skrini uso ule ule ulikuwa mzuri.

"Nisamehe, mwalimu."

"Nimeshamzika," mwalimu alisema. Akainuka, akaondoka, picha akaiacha mezani.

Habari ilienea mtaani. Wiki nzima hakuna aliyebisha hodi. Mama Picha alikaa mbele ya skrini, ameshika tama. Mumewe alimwita mara mbili, asiitike. Akaja mlangoni, kiatu mkononi.

"Nadhani napofuka," mke alisema. "Kama mama."

Mume alishusha kiatu taratibu. "Na jambo hilo umekaa nalo peke yako?"

"Ningekuambia nini?"

Asubuhi iliyofuata walikwenda kliniki ya macho. Daktari alimpima kwa muda mrefu.

"Macho yako hayana ugonjwa," alisema. "Yamechoka tu. Kazi yako nini?"

Akamweleza.

"Basi kakichunguze hicho unachokitazama. Na kila dakika ishirini, inua macho uangalie mbali kidogo."

Njiani walipita duka la vyombo vya umeme. Mume akasimama mbele ya televisheni pana kama meza ya kulia.

"Tuchukue hii," alisema. "Kwa ukubwa huu, utaona kila kitu."

"Tumuulize kwanza Bi Nukta," mke alisema.

Bi Nukta alikuwa jirani yao. Alitunza kompyuta za kiwanda cha kuchapa vitabu mpaka alipostaafu. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuchoka kuzungumzia nukta za skrini. Alikuja jioni ile, wakampa shikamoo, akaitikia huku ameshaiinamia meza. Aliiweka picha ya marehemu kando ya skrini.

"Mwanangu, umedanganywa," alisema. "Skrini imefifia, wewe ukadhani picha ndiyo yenye giza, ukaiongezea mwanga. Skrini ina manjano, ukatia buluu ya kuyaondoa. Karatasi ndiyo inayosema kweli."

Mama Picha aliona nafuu kwa ajili ya macho yake, lakini kwa ajili ya mwalimu aliona aibu zaidi.

"Basi tununue ile televisheni?" mume aliuliza.

"Ya nini? Picha kwenye skrini ni nukta ndogo ndogo. Ukizitandaza nukta zile zile kwenye kioo kikubwa, kila moja inanenepa, na maandishi yanaota meno. Kwa meza hii inchi ishirini na nne zinatosha. Mkitaka ishirini na saba, hakikisheni na nukta zimeongezeka."

"Na rangi?" mke aliuliza.

"Tafuta kioo cha aina ya IPS. Herufi hizo huandikwa kwenye boksi. Hata ukikitazama kwa upande, rangi haigeuki sana. Kwa kazi ya picha, tazama pia palipoandikwa sRGB, kipimo cha rangi ambazo kioo kinaweza kuonyesha. Asilimia iwe karibu na mia. Skrini zinazosifiwa kwa kasi waachie wacheza gemu. Marehemu wako hawakimbii."

Mume alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

"Na tundu la waya nyuma ya kompyuta mlitazame kabla ya kwenda," Bi Nukta aliongeza. "Lisipolingana na la skrini, mtarudi mikono mitupu."

Mpya hawakuimudu. Walikwenda wote watatu kwa muuza vifaa vilivyotumika. Bi Nukta alimwambia muuzaji awashe skrini, aijaze rangi nyeupe tupu, halafu nyeusi, halafu nyekundu. Ya kwanza ilikuwa na nukta mbili zilizokufa, zisizowaka kabisa, na pembe moja yenye giza. Wakaikataa. Ya pili ilikuwa safi.

Nyumbani waliiweka umbali wa urefu wa mkono. Waliinyanyua kwa ubao hadi ukingo wake wa juu ukawa usawa wa macho. Meza waliigeuza ili dirisha liwe ubavuni, mwanga usipige kioo. Bi Nukta alishika karatasi nyeupe kando ya skrini, Mama Picha akapunguza mwanga mpaka weupe wa skrini ukafanana na wa karatasi.

"Na kila kazi, chapa kwanza kipande kidogo," Bi Nukta alisema. "Skrini yoyote ile, usiiamini peke yake."

Bi Nukta alipoondoka, Mama Picha alifungua picha ya marehemu. Safari hii aliuona uso kama mwalimu alivyouona msibani. Alilia kimya kimya, mumewe asisikie. Kisha alifungua ile picha ndogo ya mwanzo, akaanza upya.

Ilipochapwa, alikwenda mwenyewe kwa mwalimu, picha mpya imefungwa kwa kitambaa. Mwalimu aliifunua, akaitazama. Mama yake mdogo akatoka ndani, akasogea karibu.

"Huyu ndiye," mama mdogo alisema.

Mwalimu aliiegemeza picha ukutani. "Lakini ile nyingine watu wameipiga kwa simu zao. Wanaitumiana."

"Najua. Siwezi kuifuta."

"Huwezi," mwalimu alisema. Kisha alivuta kiti. "Keti, dada."

Miezi ilipita. Maumivu ya kichwa yalimwisha Mama Picha, na wateja walirudi mmoja mmoja. Kila aliyefiwa alipewa kwanza kipande kidogo kilichochapwa. Aliambiwa akipeleke nyumbani, wenzake wamtazame mtu wao mchana, karibu na dirisha. Wengine walirudi wakasema yuko sawa. Wengine walisema, "Mwongezee weusi kidogo. Alikuwa akifanya kazi juani."

Naye alimwongezea.