Kidirisha cha Maulizo

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa Shamsa kubishana na muuza ndizi dirishani mwa ofisi yao, pale Same mjini. Alirudi mezani akitafuna, akamwita mwenzake Nathanaeli aje atazame kompyuta.

Fomu ya mtandaoni ya kuandikisha watoto shuleni ilikuwa imeharibika. Tangu Shamsa aongeze kidirisha cha maulizo alichokipata bure, visanduku vya kujazia vilikuwa vimebanana kushoto, na kulia pamebaki nafasi tupu. Ndani ya kidirisha, badala ya "Tukusaidie nini?", paliandikwa "Nikae wapi?"

"Utani wako huu," alisema Nathanaeli.

"Wallahi si mimi, kaka. Mimi mwenyewe mwenye nyumba kanipa notisi, nitaulizwa mimi?"

Nathanaeli alikipunguza upana, kikarudi vilevile. Alikisogeza chini, visanduku vikazidi kubanana. Chumba kikaanza kunuka manyoya yaliyoungua. Mwishowe akakifuta chote. Fomu ikanyooka, Shamsa akapiga makofi.

Jioni, nyumbani, Nathanaeli alimkuta binti yake Eliwaza, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe, amelala mapema, mgongo umegandamana na ukuta. Harufu ya manyoya ilikuwa humo chumbani.

"Sogea katikati, mama."

"Hapatoshi, baba," alinong'ona. "Anasema kule umemfukuza."

Alimvuta ampakate, lakini mtoto hakuvutika, na alipopitisha mkono juu ya ule upande mtupu wa kitanda aliona shuka likipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala, na kila lilipopanda mbavu za Eliwaza zilibanwa zaidi ukutani, mpaka pumzi yake ikawa mluzi mwembamba uliosikika hadi sebuleni.

Alimpigia Shamsa, naye akamleta shangazi yake, Bi Mwamvita, mganga. Bibi aliishia mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ulipomtoa, ulimwonyesha pa kwenda?"

"Nilikifuta tu."

"Na usomi wako wote! Jini hafutwi, mwanangu, huhamishwa. Alikuwa na kiti chake, umekivunja. Mrudishie, la sivyo atakimaliza hicho kitanda."

Nathanaeli alishusha sauti. "Fomu ile hufunguliwa majumbani mwa watu. Wana watoto."

"Nimekuuliza wapi," alisema Bi Mwamvita. "Sikukuuliza kwa nani."

Usiku kucha alikaa kitandani akisikiliza mluzi ule ukififia.

Asubuhi alimwacha Shamsa na mtoto, akaenda ofisini, akakirudisha kidirisha mahali pake. Visanduku vikajisogeza kushoto, kimoja baada ya kingine. Simu ikaita.

"Kaka, amejinyoosha. Anaomba uji."

Kwenye kioo cha kompyuta, mzazi wa kwanza, kutoka Ndungu, alikuwa ameshatuma fomu ya mwanawe. Nathanaeli akalisoma jina la yule mtoto mara mbili, kisha akabonyeza Kubali.